Ngozi Kavu ya Donatus

Maji yalikuwa yamemwagwa tena. Donatus alisimama mlangoni mwa karakana ya mgodi, akaitazama sakafu ya udongo ilivyolowa na kufagiwa mistari mistari, kama kichwa cha bibi harusi kilichosukwa jana. Kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma kwa umeme, na mtu anayeshika umeme huku amekanyaga maji anajichimbia kaburi. Hilo kila mtu pale alishaambiwa. Mzee Masele, mfagiaji, alikuwa ameambiwa mara kumi na moja. Donatus alikuwa anahesabu.

"Shikamoo, namhala," Donatus akamwamkia, akimwita mzee kwa Kisukuma.

"Marahaba, Baba Klara. Umeona leo palivyopendeza?"

"Nimeona. Mzee wangu, jana nilikuambia nini?"

"Ulisema umeme unapenda maji."

"Enhe."

"Sasa kama unapenda, kwa nini uunyime?" Masele akacheka kwa meno yake machache, kisha akaona mwenzake hacheki. "Mwanangu, mtu hafagii pakavu. Hata mama yangu angefufuka anichape. Vumbi hili lote liende wapi? Vifuani mwenu?"

Utamwambia nini mtu kama huyo? Toka Samuye mpaka Kahama, nyumba yenye adabu hunyunyiziwa maji kwanza, ndipo ufagio upite. Mzee alikuwa anawatendea wema. Na wema ndio uliokuwa unamtafuta Donatus roho.

Alishaona jambo lile kwa macho yake. Wakati wa vita, kwenye karakana ya jeshi Nairobi, rafiki yake Kalisti alibadilisha fimbo ya kuchomelea akiwa amesimama kwenye dimbwi, glavu zimelowa mvua. Hakupiga kelele. Alianguka kama gunia la mtama. Walipomvua ile barakoa yenye kioo cheusi, uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyesahau kitu nyumbani, anataka kurudi kukichukua.

Ndiyo maana, alipoajiriwa huku Geita, Donatus aliomba viatu vya mpira. Stoo wakamjibu kwamba viatu vya mpira ni vya wanaoshuka shimoni. Miguuni alikuwa na katambuga, lakini katambuga za tairi zimepigwa misumari, na msumari hauzuii umeme. Akagonga kichanja cha mbao cha kusimamia. Kilikaa siku nne, siku ya tano kikaivisha maharage ya zamu ya usiku. Mwisho akasafiri hadi Samuye kwa mjomba wake Jilala, akapewa ngozi ya fahali iliyokauka mpaka ukiigonga inalia kama ngoma. Akarudi nayo begani, akaitandika karakana nzima ikiangalia, akasimama juu yake.

"Jamani, Baba Klara kahamia na kitanda!"

"Mkewe kamfukuza!"

"Fundi, ukilala usikorome, tutashindwa kusikia mashine!"

Nyapara wao, Pantaleo, mtu wa kaptura nyeupe isiyo na doa, hakutaka kicheko wala harufu ya ng'ombe katika himaya yake. Aliichukua ngozi akaitundika kwenye msumari kando ya mlango. "Hapa ni karakana," alisema. "Si zizi."

Hiyo ilikuwa juzi. Sasa katikati ya sakafu iliyolowa lilikuwa limelala kasha kubwa la chuma, lile la kupandishia mawe kutoka shimoni, limepasuka chini. Bila kasha hilo hakuna mawe. Na Bwana Mkubwa wa mgodi angekuja kulitazama saa nne.

"Fundi, unasubiri nini?" Pantaleo aliuliza.

"Nasubiri pakauke. Au nitandike ngozi yangu."

"Tumeshamaliza habari ya ngozi. Umeme wenyewe huu hauui hata nzi! Mimi niliwahi kuugusa, ukanitekenya tu."

"Siku hiyo ulivaa viatu, nyapara. Na palikuwa pakavu."

"Sema umeogopa."

"Nimeogopa. Nilikaa vitani miaka minne nikarudi hai kwa sababu najua kuogopa."

"Pale getini wako vijana kumi wasioogopa," Pantaleo akasema. Akatoka, akazunguka nyuma ya ukuta kulikokuwa na mashine ya umeme wa kuchomelea, akaiwasha ili fundi akose kisingizio. Mashine ikaanza kunguruma.

Donatus akauma meno, akaenda mlangoni. Leo ataitandika ngozi yake, na atakayetaka kucheka acheke.

Huku nyuma, mzee Masele aliiona ile waya nene ya kuchomelea imelala chini kwenye unyevu, pale ilipochanika na kufungwa kitambaa. Akakumbuka masomo yote kumi na moja. Akatua ndoo yake, akaegemea kasha kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine, bado unachuruzika maji, akaiokota waya.

"Ngoja niitoe kwenye maji, Baba Klara, usije ukanung'unika te—"

Neno halikuisha. Donatus aligeuka akamwona mzee amekakamaa, shingo imesimama, vidole vimefumba juu ya kile kitambaa. Pantaleo, aliyekuwa anarudi, alimkimbilia amshike.

"Usimguse!" Donatus alimpiga kikumbo, nyapara akakaa chini kwenye tope na kaptura yake. "Kazime! Kazime mashine!"

Kwa mara ya kwanza Pantaleo alitii bila kujibu. Lakini kuuzunguka ukuta ni hatua ishirini, na mzee hakuwa na hatua ishirini. Donatus aliing'oa ngozi msumarini, akaipitisha kiunoni mwa Masele, akashika ncha zake mbili akavuta kwa nguvu zote. Waya ikaachia. Wakaanguka chali wote wawili, ngozi kati yao. Ndipo mashine ikanyamaza.

Kiganja cha mzee kilikuwa kimeungua mstari mweupe. Kifua kilitulia, kikatulia, kisha kikapanda.

"Nani kanipiga?" Masele akauliza.

"Maji yako," Donatus akasema, akakuta analia kwa hasira.

Bwana Mkubwa alikuja saa nne, akauliza mbona kasha halijawa tayari, akaondoka. Mzee alifungwa bandeji. Jioni Pantaleo alimsogelea fundi, matope yamemkaukia matakoni.

"Kesho tandika ngozi yako. Atakayecheka nimwone mimi."

Asubuhi Donatus alifika mapema. Sakafu ilikuwa kavu, vumbi tele, hata tone la maji hakuna. Alitaka kupiga vigelegele. Kisha akatazama msumari wa mlangoni.

"Namhala, ngozi yangu iko wapi?"

Masele alitabasamu, mkono wa bandeji kifuani. "Wabeja, asante sana, mwanangu. Ngozi iliyonitoa kaburini ikae na matope ya jana? Nimeiosha. Kwa sabuni. Kwa mkono huu mmoja!"

Ilikuwa imetandazwa juu ya uzio, safi, laini kama kitenge, inachuruzika.

Donatus alikwangua vumbi kwa kidole cha mguu; chini yake udongo ulikuwa bado na unyevu wa jana. Alitoka, akaketi juani kando ya ngozi yake, na kuanza kuhesabu upya: moja.

Pantaleo akatokea mlangoni. Alilitazama kasha, akaitazama ngozi, akayatazama matone yanayoanguka mavumbini. Safari hii hakutaja vijana wa getini. Alikwenda kwenye uzio, akaishika ngozi kwa ncha za vidole, akaigeuza upande wa pili ipate jua.