Admirali wa Waifai ya Bure

Mkamwana wake alipobadilisha nenosiri la intaneti ya nyumbani, Ninel Arkadyevna hakulia wala hakuomba radhi. Alivaa koti, akafunga mkate na soseji kwenye mfuko, akashuka zake chini ya ardhi. Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Kwenye kundi la majirani wa jengo lao aliandika kwamba mbwa wa ghorofa ya nne ana akili kuliko mwenyekiti wa kamati, na mkamwana wake Snezhana anamwogopa mwenyekiti huyo kuliko ugonjwa. Basi yaishe. Metro ya Moscow ina waifai ndani ya mabehewa, wazee wanapanda bure, na treni za Njia ya Mzunguko zinazunguka jiji mpaka abiria mwenyewe achoke. Ninel alikuwa amefundisha piano watoto wasio na sikio la muziki maisha yake yote. Kuchoka hakukujua.

Kero ilikuwa moja tu. Kabla mtandao haujafunguka, simu inakulazimisha kutazama tangazo, na majira yale ya baridi tangazo lilikuwa la magodoro. Mwanamke mwenye gauni la kulalia alijinyoosha, akapiga miayo, akasema usingizi ni haki yako.

"Na kufanya kazi je, mvivu we?" Ninel alimuuliza kila asubuhi, na abiria wa pembeni wakajisogeza kidogo.

Alichokifuata huko ni karata za kwenye simu. Mchezo wenyewe unaitwa Mjinga, na hauna mshindi. Una mjinga tu, yule anayebaki na karata mkononi wenzake wakiwa wamemaliza zao. Mwenzako akikumwagia karata usizoweza kuzishinda, unaziokota zote na mchezo unaendelea. Tangu majani yaanze kupukutika alikuwa akicheza na mtu aliyejiita Admirali, mstaafu wa jeshi la maji, mkazi wa Vladivostok, bandari ya mbali mashariki, ambaye eti akikaa barazani kwake anaona meli zikiingia. Naye Ninel alikuwa amemwambia kwamba ni daktari wa meno na ana nyumba ya shamba yenye jiko la kuni. Ni uongo wa kawaida baina ya watu wanaoheshimiana. Wakicheza, waliandikiana.

"Umelala, daktari?"

"Nakusubiri wewe, kobe."

"Kobe ni aliyekufundisha karata."

Nyumbani hakuna aliyemsemesha hivyo. Mwanawe alimwambia "mama, pumzika" kwa sauti ile ile anayoitumia kwa paka, na Snezhana hakumwambia kitu. Admirali peke yake ndiye aliyemtukana kama mtu mwenye akili timamu, na Ninel alimpenda kwa hilo, aseme asiseme.

Ndipo siku hiyo Admirali akaandika: "Leo mwisho, daktari. Nasafiri, na ninakokwenda sitapata mtandao."

Ninel akabonyeza haraka: "Safari gani?"

"Ya baharini."

"Kwa umri huo? Utawazamisha wenzako."

Admirali akapotea mtandaoni, kisha akarudi: "Samahani, nilikatika. Imebidi nimtazame tena yule mvivu wa godoro."

Ninel alivua miwani, akaifuta, akasoma upya. Mwanamke wa godoro haonekani Vladivostok. Haonekani popote isipokuwa humu, kwenye waifai ya treni za chini ya Moscow.

"Meli zipi, mwongo mkubwa wewe!" alisema kwa sauti, na watu wa behewa zima wakainamia viatu vyao.

Hapo treni ikaingia kwenye ile kona ambayo mtandao huzama. Uliporudi, kioo cha simu kilimwambia kwamba wachezaji wote wawili walipotea kwa pamoja na wamerejea kwa pamoja. Kumbe si metro moja tu. Ni treni moja. Mwanamume wa watu alikuwa humu humu, na leo anaondoka!

Akapaka rangi ya mdomo, kisha akaanza kupita behewa hadi behewa akikagua wazee. Alimkuta mmoja mwenye kofia ya kibaharia, amenyooka vizuri.

"Wewe ni admirali?"

"Mimi ni fundi bomba."

Wa pili alikuwa ameinamia simu, anabonyeza kwa hasira.

"Samahani, ndugu, unacheza Mjinga?"

"Nimeoa, bibi. Inanitosha."

Msichana mmoja alimwachia kiti. "Kaa, bibi, utaanguka."

"Kaa wewe, mimi natafuta mume."

Akafika behewa la mwisho. Wenye nywele nyeupe walikuwa wengi, na wote wana simu. Ninel alisimama katikati, akashika nguzo, akafungua mchezo. Alikuwa na karata nzito, wafalme watatu aliowaficha muda mrefu. Akawamwaga wote kwa mpigo, akatega sikio.

"Mchawi wa meno wewe! Uvimbe vidole!"

Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyevuta sigara miaka mingi. Ila ilitoka kwa mama mnene mwenye kofia ya sufu ya zambarau, ameketi kwenye kona, sanduku kubwa katikati ya miguu yake.

"Admirali?" Ninel aliuliza, akijua jibu, na akilisikitikia.

Yule mama alimtazama kuanzia buti hadi kwenye ile rangi ya mdomo. "Daktari? Na hilo pengo?"

"Na wewe ndevu ziko wapi?"

"Nimenyoa."

Ninel alisikia uchungu, hilo tusifiche. Ukadumu kama pumzi moja, kisha kicheko kikamshinda, akaketi kando ya admirali wake wakacheka mpaka fundi bomba akaja kuchungulia.

Aliitwa Kapitolina, na alikuwa mpishi wa kantini. Meli aliziona kwenye kalenda. Binti yake ameuza chumba alichokuwa akiishi mama yake, anampeleka mji wa Kaluga akalee wajukuu, na Kaluga haina metro.

"Treni ya Kaluga inaondokea kituo cha Kievskaya," alisema. "Ndiko nilikotakiwa kushuka."

Ninel alikunja uso. "Lakini Kievskaya tumeshaipita. Tangu tuanze mchezo huu tumeipita na kuipita tena."

"Najua."

"Na treni yako?"

"Imeshaondoka. Na iliyofuata nayo." Kapitolina aliivuta kofia yake masikioni. "Ningeshukaje, mwenzangu, na mchezo haujaisha?"

"Wale wafalme ninao tangu asubuhi," Ninel alisema. "Ningekumaliza zamani. Nilikuwa nakuchelewesha."

"Hata mimi nilishangaa mbona unacheza vibaya hivyo."

Simu ya Kapitolina ikalia. Binti alikuwa anauliza yuko wapi. Kapitolina akamjibu kwamba kuna foleni.

Spika ikatangaza Kievskaya. Treni ikasimama, milango ikafunguka, watu wakamiminika na mizigo yao. Kapitolina aliishika mikono ya sanduku, akainuka nusu, asimtazame Ninel. Ninel alinyoosha mguu, akaliweka buti lake juu ya sanduku, akalibana kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Milango ikafungwa.

"Haya," alisema, "okota wafalme wako."