Kilo Tatu za Makoye

Makoye alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga Ubaruku, na mizani yake ilikuwa mwizi kama yeye. Si umbea huu. Kila msimu wa kununua ukifunguliwa alikaza skrubu moja nyuma ya ile mizani, nayo ikawa inameza kilo tatu za kila gunia bila hata kucheua. Msimu ukiisha anailegeza, anavaa tai, anakwenda kanisani.

Basi mtu huyu akaugua moyo. Daktari wa Mbeya alimwambia moyo wake umechoka lakini utamfikisha mbali akiusaidia: chumvi kidogo, dawa kila siku, na kila asubuhi apime uzito aandike daftarini. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu, si unene huo, ni maji. Ampigie Faustina, muuguzi wa kliniki, siku hiyohiyo. Akaingizwa na kwenye kikundi cha wagonjwa wa moyo, ambamo kila mtu ana mwenzake wa kumfuatilia. Wake alikuwa Veneranda, mama mwenye moyo mbovu na mdomo mzima, aliyekuwa pia akimuuzia mpunga kwa misimu sita sasa.

Kununua mizani nyingine Makoye aliona ujinga. Kila asubuhi alipanda ile ya mpunga na kuandika sabini na nane, huku akimtambia mkewe Yunisi na mwanawe Shija kwamba ugonjwa ameuweka mfukoni. Jumatatu msimu ukafunguliwa, mkono wa mazoea ukakaza skrubu. Kesho yake mizani ikasema sabini na tano. Mwizi wa watu kajiibia mwenyewe, wala hana habari! Akajipongeza kwa samaki wa chumvi, siku tatu mfululizo. Ijumaa akasoma sabini na nane, akafurahi kwamba amerudi palepale.

Lakini usiku alikuwa amelala ameketi, na miguu imevimba hata kandambili hazimtoshi. Veneranda alifika na magunia yake, akaiona ile miguu, akampigia Faustina palepale uani na kuweka sauti ya nje. Faustina akauliza uzito. Makoye akasema ni uleule. Muuguzi akaguna. Akasema kama kweli ni uleule, asubiri kliniki ya Jumanne. Kama umepanda, aje sasa hivi, maana hiyo Jumanne huenda asiione. Je, mizani ni nzima?

Ua ulikuwa umejaa wakulima, na wote walikuwa wanasikiliza. Makoye aliogopa. Aliwaza asubiri tu Jumanne, aibu imtokee puani wakati mwingine. Alipotaka kusema hivyo, pumzi ikamkatikia njiani.

“Inapunguza kilo tatu,” akasema. “Niliikaza mwenyewe.”

Uani kukachafuka. Mmoja aliipiga mizani teke, wengine wakaanza kupakua magunia yao. Ni Veneranda aliyeita bajaji, akamsukumia Makoye ndani na kuketi kando yake, mkono wake umemshika kiunoni asidondoke. Njiani Makoye akaanza kulia na kuomba msamaha, maneno mawili, pumzi, maneno mawili, pumzi.

“Nyamaza, Baba Shija, tunza pumzi,” Veneranda akamwambia. “Pona kwanza. Kugombana na maiti hakuna raha, na mimi nina misimu sita ya kugombana na wewe.”