Nthenya Hasemi Pole

Tangu afungue chumba chake cha ushauri nasaha pale Kileleshwa mwaka wa 2004, Nthenya hakuwahi kumwambia mteja pole. Gichuru, mshauri wa chumba cha pili, aliyegawa pole kama peremende, alimtania kwamba siku moja wateja watamkimbia wote. Nthenya hakutetereka. Alikuwa ameketi kwenye matanga ya kutosha kujua kwamba pole hufunga mazungumzo: mtu akikuambia pole unamjibu asante, basi, mmemalizana. Yeye alitaka mtu aendelee kusema.

Jambo la pili aliloliamini ni kwamba mikono isikae bure. Chuoni walimfundisha kuweka viti viwili na pakiti ya tishu. Aliviweka, kisha akaongeza sinia ya minji, njegere mbichi zikiwa bado kwenye maganda, kwa sababu mama yake na shangazi zake hawakuwahi kuambiana jambo zito wakitazamana usoni. Yote yalitoka wakimenya kitu. Mteja asipotaka kumenya, Nthenya alimenya peke yake, na mboga ya jioni ikapatikana vilevile.

Kisha akaja Were. Alikuwa muuza mabomba wa Ngara, na mwezi wa Machi alikuwa amemzika binti yake wa miaka minne, Peres, aliyekufa kwa homa ya mapafu. Tangu mazishi hakuwa amelitaja jina la mtoto. Ivyne, mkewe, ndiye aliyemleta, na alisema wazi mlangoni: kuishi na ukuta hawezi. Alikuwa ameshakata tiketi ya basi la Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwenda kwao Busia, na huko angebaki.

Mara tatu Were alikaa saa nzima akitazama viatu vyake, Ivyne akimsubiri nje kwenye benchi. Mara ya tatu mama huyo uvumilivu ulimwisha.

"Madam, kwani wewe ni mtu wa aina gani? Hata pole hujatuambia! Kila mtu ametuambia."

"Na imewasaidia?" Nthenya aliuliza.

Ivyne alisonya, akamshika mumewe mkono wakaondoka.

Alhamisi walirudi kwa mara ya mwisho. Kabla hawajaingia, Gichuru alichungulia. "Mwambie tu akae kama mwanaume aongee na bibi yake. Hiyo ni kazi ya dakika tano."

"Si uingie umwambie wewe, nione," Nthenya alimjibu, naye Gichuru akakumbuka ana simu ya kupiga.

Tusidanganyane, Nthenya aliogopa. Ndoa ya watu ilikuwa imebakiza siku mbili. Lakini njia yake aliijua, na hakuiacha kwa sababu ya hofu. Ivyne alibaki tena nje kwenye benchi, naye Nthenya akaketi mbele ya Were kumenya minji yake. Dakika ishirini zilipita ndipo mkono wa Were ukaja kwenye sinia. Alipasua ganda vibaya, akatia punje moja mdomoni.

"Peres alikuwa anakula hizi mbichi," alisema.

Pole ilimjaa Nthenya mdomoni. Aliimeza. "Na maganda alikuwa anatupa wapi?"

Were alicheka kidogo, kicheko kilichomshtua mwenyewe. "Chini ya kochi. Alikuwa anafikiria hatumwoni. Bado yako huko, madam. Yamekauka. Kila asubuhi kabla niende duka nainama nayaangalia." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Sijaambia mtu. Ivyne akijua, atafagia."

"Nimwite?"

Were aliitikia kwa kichwa. Nthenya alifungua mlango, Ivyne akaingia na mkoba wake begani, akasimama tu, tayari kuondoka.

"Ivyne," Were alisema bila kuinua macho, "kuna maganda ya Peres chini ya kochi."

Ivyne aliposikia jina hilo, alishika ukuta.

"Najua," alisema. "Unafikiria ni kwa nini hapo sijawahi kufagia?"

Hapo Were aliinua uso, akamtazama mkewe. Miezi minane nyumba moja, kila mmoja akimlinda mtoto kivyake, akimficha mwenzake.

"Usiende Jumamosi," alimwambia.

Ivyne alishusha mkoba, akakaa kwenye kiti cha Nthenya. Mshauri alitoka nje, akaurudisha mlango polepole.