Nyuzi Tatu kwenye Fyuzi

Mwezi wa tisa ulikuwa unaelekea ukingoni tangu yule binti aombe likizo ya mwezi mmoja. Alikuwa karani wa shule, mtu wa mihuri na madaftari ya mahudhurio, na alirudi kwa baba yake na begi moja tu, kwa sababu daktari alisema mzee angehitaji mashine ya oksijeni kwa wiki chache, mapafu yakitulia angeachana nayo. Mapafu hayakutulia. Mashine ikaweka makazi pembeni ya kitanda, ikinguruma kutwa kucha, mpira wake mwembamba ukipita juu ya shuka hadi puani kwa mzee.

Lakini kilichomfunga binti ndani ya nyumba ile hakikuwa mashine. Kilikuwa ubao wa umeme wa koridoni, juu ya mlango wa stoo.

Ulikuwa ubao kwelikweli: kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi, kikabeba mita, swichi kuu ya chuma yenye mkono, na fyuzi nne za kauri. Soketi zote za nyumba zilining'inia kwenye fyuzi moja, ya pili kutoka kushoto. Enzi ubao ule unafungwa, nyumba ilikuwa na redio na pasi. Sasa kulikuwa na friji, birika, feni mbili, televisheni, na juu ya yote mashine ya mzee. Birika likiwashwa, na friji nayo ikaamua kuanza kazi, fyuzi ilikatika. Mashine ililia mlio mmoja mrefu, na binti aliacha alichoshika, akakimbilia koridoni, akapanda kigoda, akavuta swichi kuu chini, akachomoa kauri, akafunga waya mpya kwa bisibisi, akairudisha. Mara ya kwanza ilimchukua dakika saba, na mzee alilowa jasho hadi mto ukabadilika rangi. Baadaye alizoea, akawa anamaliza kwa dakika mbili.

Nani mwingine angefanya hivyo? Kaka yake mkubwa alikuwa nchi ya mbali, akipiga simu Jumapili kuuliza kama wote ni wazima. Mama wa kufua nguo aliuogopa umeme kama nyoka. Basi binti akawa haendi popote zaidi ya duka la kona, na huko nako alikwenda mbiombio, sikio moja likiwa limebaki nyumbani. Rafiki yake wa karibu alijifungua mapacha, akawaona kwenye simu tu.

Mwezi wa nne, fyuzi ilipokatika mara tatu kwa siku moja, mzee alimwambia kutoka kitandani, "Ongeza uzi mmoja wa waya, mama. Funga nyuzi mbili pamoja. Itatulia."

Ikatulia. Mwezi wa saba ikaanza tena ukorofi wake, mzee akasema ongeza wa tatu. Tangu siku hiyo fyuzi haikukatika tena.

Binti alidhani angepumua. Badala yake, taa za sebuleni zikaanza kunywea kila friji ilipowaka. Koridoni kukawa na harufu asiyoweza kuitaja, mara kama plastiki, mara kama samaki aliyesahauliwa. Akipita karibu na ubao alisikia mlio mwembamba, kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Asubuhi moja alipanda kigoda akaweka kiganja kwenye mbao. Ilikuwa na joto la paji la uso la mtoto mwenye homa. Miezi yote alikuwa akiogopa fyuzi kukatika. Sasa akaogopa kwamba haitakatika kamwe.

Alimwambia baba yake.

"Ubao ule nimeufunga kwa mikono hii," mzee alisema. "Wewe ulikuwa hujazaliwa."

Kwa mtu mwingine hayo yangekuwa majivuno. Kwake ilikuwa kazi. Kwa miaka thelathini alikuwa mkaguzi wa umeme, akiingia nyumba za watu na tochi, akitoka ameacha karatasi nyekundu kwenye mita. Ukiwa na waya uliochubuka, alikata. Ukiomba wiki moja ya kujipanga, alikata kwanza ndipo akakusikiliza. Mtaa mzima ulimwita Mkasi, na jina hilo lilimfuata hadi kustaafu.

Binti hakubishana. Alimpigia simu fundi, kisha akamwambia baba yake kwamba mtu anakuja kutazama taa ya jikoni.

Fundi alikuwa mtu mnene, mpole, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Alisimama chini ya ubao akanusa kabla hajafungua chochote.

"Nitazima kidogo niangalie," alisema.

"Una dakika mbili. Baba yupo kwenye mashine."

Fundi alimtazama, akaitazama njia ya chumbani, akaelewa. Alishusha swichi. Mlio ukaanza. Alichomoa kauri ya pili, akamulika, akakung'uta mbao kwa nyuma, akarudisha kila kitu na kuwasha. Aliposhuka kwenye kigoda uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nani amefunga nyuzi tatu?"

"Mimi."

"Dada, hapo hakuna fyuzi. Hapo ni kama umepigilia msumari. Fyuzi kazi yake ni kuungua ili waya wa ukutani usiungue. Sasa unaoungua ni waya wa ukutani." Alimwonyesha vipande vyeusi kwenye kiganja chake, vikavu kama makombo ya biskuti. "Hii ndiyo nguo ya waya wako. Nyuma ya mbao kumekuwa mkaa. Hapa sikuwekei kiraka. Ni ubao mpya, wenye swichi zinazojikata zenyewe, soketi tuzigawe mara tatu, na chumba cha mzee kiwe na laini yake peke yake."

"Utazima kwa muda gani?"

"Saa sita. Nikijikaza sana, tano."

Binti aliegemea ukuta. "Ukizima saa sita baba yangu atakufa."

"Na usipozima mtakufa wawili," fundi alisema kwa sauti ya chini, bila ukali.

Kutoka chumbani mzee akaita, akivuta pumzi kati ya maneno. "Mlete huku... huyo fundi wa taa ya jikoni."

Wakaingia. Mzee alikuwa amejiinua kwenye mito. Alimuuliza fundi ameona nini, na fundi akaeleza moja baada ya jingine, amesimama wima, mikono nyuma, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

"Mbao imeungua?"

"Imeungua, mzee."

"Ungekuwa mkaguzi, ungefanyaje?"

Fundi alisita. "Ningekata, mzee."

"Na mimi ningekata," mzee alisema. "Ningekata tangu mwezi wa nne."

Binti akamgeukia. "Ulijua?"

"Nilijua nilipokutuma uongeze uzi."

"Sasa kwa nini, baba?"

Mzee aliutazama mpira ulioshuka kutoka puani kwake, kana kwamba jibu lilikuwa humo. "Naogopa kuzimiwa," alisema. "Nikisikia ule mlio tu, nguvu zote zinaniisha. Nikaona bora moto ambao huenda usije, kuliko zile dakika ambazo lazima zije."

Binti alitoka chumbani. Jikoni alishika ukingo wa sinki kwa mikono yote miwili. Mara mbili alikuwa amepanda kile kigoda kuifungia nyumba kitanzi, yeye na baba yake ndani yake, kwa maelekezo ya mtu aliyejua. Alitamani kuchukua begi lake na kufunga mlango nyuma yake kwa kishindo. Hata hilo hakuliweza. Angefika kona, angegeuka kusikiliza. Alinawa uso, akarudi chumbani.

"Keshokutwa asubuhi fundi anakuja," alimwambia baba yake. "Sikuombi ruhusa."

Mzee aliitikia kwa kichwa.

Hospitali iliwaazima mtungi wa oksijeni. Kwa kiasi alichovuta mzee, ungedumu saa tatu na dakika chache. Saa zilizobaki zingetoka kwa jirani wa ng'ambo ya ukuta, kwa waya mrefu wa kupitisha dirishani. Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Jirani yule, mama mtu mzima mwenye sauti ya kuamrisha, alikuwa amekatiwa umeme na Mkasi siku tatu kabla ya harusi ya mwanawe. Mwaka wa kumi na tatu sasa, salamu zilikuwa za kupungiana mkono tu.

Binti alimweleza shida yao yote. Jirani alisikiliza, akajifunga khanga vizuri, akaja mwenyewe hadi kando ya kitanda.

"Mkasi," alisema.

"Shemeji," mzee alijibu. "Nasikia nimekuletea usumbufu."

"Usumbufu uliuleta zamani."

Mzee alivuta pumzi. "Ubao wako... ni mzima?"

"Ulinilazimisha kununua mpya, umeshasahau? Nilipikia kuni harusi nzima." Alimtazama kwa muda, mwili ulivyokwisha chini ya shuka, na sauti ikapungua. "Leteni huo waya."

Siku ya kazi, saa mbili asubuhi, swichi kuu ilishushwa kwa mara ya mwisho. Mashine ikanguruma kwa umeme wa jirani. Fundi alibandua mbao ile ikashuka vipande vipande. Mgongo wake ulikuwa mweusi tii, na ukuta nyuma yake umechorwa doa la moshi la ukubwa wa sahani. Binti aliliangalia mara moja tu.

Saa sita na robo mchana mashine ilinyamaza, kisha ikalia. Fundi alipaza sauti kwamba si yeye. Jirani akaita kutoka ng'ambo: umeme wa mtaa mzima umekwenda.

Binti alihamisha mpira kwenye mtungi. Alifungua koki, hewa ikapita. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda, macho kwenye mshale wa mtungi. Hakukuwa na kigoda cha kupanda, hakukuwa na waya wa kufunga. Kwa mara ya kwanza katika miezi tisa hakuwa na la kufanya, na hilo lilikuwa baya kuliko yote. Mzee alimshika mkono. Walikaa hivyo, kila mmoja akisikiliza pumzi ya mwenzake.

Saa nane na nusu fundi alisimama mlangoni akijifuta mikono. "Nimemaliza," alisema, akaangalia chini, kwa kuwa hakukuwa na umeme wa kuwasha. Alikaa sakafuni koridoni, hakuondoka. Jirani naye alikuja, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akiupepea uso wa mzee kwa kifuniko cha sufuria. Binti alipiga simu hospitali. Gari la wagonjwa lilikuwa limetumwa kwingine.

Mshale ulikuwa umegusa nyekundu friji ya jirani iliposikika ikishtuka. Fundi aliinuka, akapandisha swichi moja baada ya nyingine, na mashine ikaamka. Hakuna aliyeshangilia. Mzee alifumba macho, na machozi yakamtoka pembeni bila sauti.

Aliishi mwaka mmoja na miezi miwili zaidi. Umeme wa mtaa uliendelea kwenda na kurudi, na mtungi ulibaki chumbani. Ila ndani ya nyumba yenyewe hakuna kilichokatika, na jirani alijifunza koki ya mtungi akawa anakuja mchana, akibishana na Mkasi mambo ya kale.

Alasiri ya kwanza jirani aliposema, "Nenda bwana, nipo," binti alivaa viatu akatoka. Alilipita duka la kona. Alifika barabara kubwa akasimama, watu wakimpita huku na huku. Alikuwa na saa mbili nzima za kwake na hakujua azipeleke wapi. Alisimama pale mpaka mtu mmoja akamuuliza kama amepotea. Akasema hapana, akachagua upande mmoja, akaanza kutembea.