Gauni la Pazia

Mama mwenzangu, ukiwa na binti ambaye bado anakusimulia mambo yake, shukuru na ufunge mdomo. Fundi mmoja wa cherehani hakuufunga, na habari yake inasimuliwa hapa ili wewe ushtuke mapema kuliko alivyoshtuka yeye.

Binti yake walimwita Kasuku, kwa sababu alipokuwa mdogo alikuwa hanyamazi, hata chakula kikiwa mdomoni. Alipofika sekondari maneno yakamkauka kama ilivyo kwa watoto wengi wa umri ule, yakabaki "sijui" na "basi tu". Ila jioni, mama akiwa kazini, Kasuku alirudi kuwa kasuku. Aliketi kwenye kigoda nyuma ya mama yake akipunguza nyuzi zilizoning'inia kwenye nguo zilizokamilika. Mama akikanyaga, cherehani ikinguruma, na chini ya mngurumo ule mtoto alisema yote. Hawakutazamana. Mama alishajua kwamba mguu ukisimama na maneno yanasimama, kwa hiyo mara nyingine alikanyaga hata mshono ukiwa umekwisha.

Ndivyo alivyoipata habari ya gauni. Kasuku alijishonea gauni kwa siri kwa mabaki ya pazia la mteja, la manjano lenye maua meupe, akaliwekea kola ya wavu wa dirishani. Jumamosi moja akalivaa, akaenda kwenye duka la soda kuonana na nahodha wa timu ya mpira ya shule yao. Akangoja mpaka soda ikaisha gesi. Nahodha hakutokea. Akarudi kwa miguu, analia njia nzima.

"Basi hivyo tu," alimalizia, na mkasi wake ukaendelea kukata nyuzi.

Mama yake hakupata usingizi. Alikuwa mtu wa kuogopa, mtu anayeona ajali hata kwenye kijiko. Je, kama angetokea mtu mbaya? Je, kama angemfuata njiani? Elimu yake iliishia shule ya msingi, lakini kalamu haikumtisha, na akaona kuna wasichana wengi wanaotoka nyumbani hivyo hivyo bila kuaga. Akaandika riwaya ya kuwaonya, nyuma ya makaratasi yale yale anayokatia mitindo. Akaiita *Usiende Peke Yako*. Msichana wa kitabuni alikuwa mtoto wa mwokaji mikate, gauni lake la buluu, na kijana mwenyewe muuza viatu. Kasuku aliisoma yote akiwa amelala kifudifudi kitandani.

"Sawa, mama," alisema. "Maadamu hakuna atakayejua."

"Nani atajua? Ni mimi na wewe tu."

Hilo ndilo neno alilompa mwanawe. Lishike.

Mchapishaji alipatikana, bwana mmoja ambaye simu yake ilikuwa haibanduki sikioni. Kitabu kikatoka, kizuri, kinanukia wino, kikakaa madukani kama mgeni asiyekaribishwa. Mchapishaji akasema vitabu vya vijana haviuzwi dukani, vinauzwa shuleni, kwa mwandishi kukutana na wasomaji wake uso kwa uso. Wakaenda shule ya kwanza. Mama wa watu akasimama na khanga yake begani, akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti ya kanisani. Nyuma kuna aliyekoroma. Mvulana mmoja akanyoosha mkono.

"Mama, samahani. Hicho kitabu, mbona jina lenyewe tu linatukaripia?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwingine akadakia, "Mama yangu hunikaripia bure, hanilipishi!"

Njiani kurudi mchapishaji alisema, "Mama, hawa watoto hawataki kuhubiriwa. Waambie ni kisa cha kweli. Waletee kitu wakione kwa macho, wakiguse. Shule ijayo tukishindwa, mimi nakiweka kitabu stoo."

Shule ijayo ilikuwa ya Kasuku.

Asubuhi ya siku hiyo Kasuku alishatangulia shuleni. Mama alifungua sanduku la nguo, na gauni lilikuwa chini kabisa, limekunjwa likawa dogo kama leso. Moyo ulimwambia: muulize kwanza. Akaujibu moyo wake: nitamwuliza jioni, kwani nani analijua? Kitabuni ni la buluu. Akalipiga pasi. Hapo aliposimama na pasi mkononi ndipo pa kumkamata mkono, lakini nyumbani hapakuwa na mtu.

Ukumbi wa shule ulijaa viti vya plastiki na minong'ono. Kasuku alikaa safu ya katikati, kati ya wenzake, na mama yake alipopanda jukwaani alitabasamu kidogo, tabasamu la kuona haya lakini la fahari pia. Mwalimu wa maktaba akamkaribisha mgeni. Safari hii mgeni hakusoma. Alisimulia, kama anavyosimulia na wateja wake. Habari ya msichana aliyevaa akapendeza, akaketi peke yake, akawa anautazama mlango. Watoto wakanyamaza. Kweli wakanyamaza! Mvulana mmoja aliacha hata kutafuna ubani wake. Na kimya kile, mama mwenzangu, ni kitamu. Kikampanda fundi kichwani.

"Na msidhani ni hadithi ya kutunga," akasema. "Ni kweli tupu. Gauni lenyewe hili hapa."

Akalikunjua, akalinyanyua juu kwa mikono miwili.

Kwanza pakawa kimya cha namna nyingine. Kisha kutoka nyuma sauti moja ikasema taratibu, "Pazia."

Mwingine akarudia, "Pazia! Jamani, ni Pazia!" Na ukumbi mzima ukalipuka: "Pazia! Pazia!" Wanapiga makofi, wanapiga miguu, wengine wamesimama juu ya viti.

Fundi akacheka nao. Alidhani wamekitambua kitambaa.

"Eeh, ni la pazia kweli!" akajibu kwenye kipaza sauti, kifua mbele. "Mmejuaje? Mabaki ya mteja wangu! Na kola hii ni wavu wa dirisha!"

Kelele zikazidi. Hapo ndipo alipoona vichwa vyote haviko kwake tena. Vimegeukia safu ya katikati. Kasuku alikuwa ameinamisha uso mpaka kidevu kinagusa kifua. Kisha akainuka, akapita kwenye magoti ya wenzake bila kusema nipishe, akatoka kwa mlango wa pembeni. Sweta yake ya shule ikabaki kwenye kiti.

Mama mwenye akili angeliacha jukwaa akakimbia. Huyu alishuka hatua moja, akasita. Watoto walikuwa tayari wamejipanga mstari, vitabu mkononi, wanasukumana. Mchapishaji akamtia kalamu kiganjani. "Kaa, mama, kaa! Watoto watatawanyika!" Naye akakaa. Akatia sahihi. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye kuliko hata gauni: kwamba alikaa, na kwamba vile vitabu vya mwanzo alivitia sahihi huku akitabasamu.

Msichana mmoja mpole mwenye miwani zamu yake ilipofika aliinama.

"Mama, hivi Kasuku alikukubalia? Maana ile picha ilikuwa imeshasahaulika."

"Picha gani, mwanangu?"

"Hukuiona? Nahodha na wenzake walijificha ng'ambo ya barabara, wakampiga picha akiwa anangoja. Ikazunguka simu zote. Ndiyo wakamwita Pazia. Muhula mzima, mama. Akiingia darasani wanajifanya wanafungua dirisha. Sasa walikuwa wameacha."

Kalamu ilisimama kwenye karatasi, wino ukawa doa. Alitamani ardhi ipasuke immeze pale pale na meza na vitabu vyake.

Vitabu viliisha vyote. Mchapishaji alitembea kuelekea getini kama bwana harusi.

Nyumbani Kasuku alikuwa anapiga pasi sare ya kesho. Pasi ilikwenda na kurudi mahali pale pale.

"Mwanangu."

Pasi iliendelea.

"Sikujua habari ya picha. Naapa sikujua. Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungeiandika."

Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja bei. Mama akatafuta pa kushika, akashika mlango.

"Nitakwenda shuleni kesho. Nitawaomba radhi wote, niwaambie kosa ni langu."

"Usije!" Hapo sauti ikapanda. "Mama, tafadhali. Utasimama pale tena, utasimulia vizuri, na watanyamaza tena wakusikilize. Usije."

Simu ya mama ikaita. Mchapishaji, sauti yake kubwa kiasi cha kusikika chumba kizima: "Mama, umewamaliza! Shule nyingine zinakutaka wiki ijayo. Gauni usilisahau!"

"Gauni silileti tena."

"Haidhuru, ni bora zaidi: njoo na binti mwenyewe! Aketi nawe jukwaani, vijana wamwulize maswali."

Pasi ilisimama. Fundi alimtazama mwanawe, na mwanawe akaitazama pasi.

"Sina binti wa kuonyesha," mama akasema. "Na kitabu kiweke stoo."

"Mama, unajua unachosema? Ndiyo kwanza kimeanza kutembea!"

"Kiweke stoo, baba." Akakata simu.

Alidhani Kasuku angesema neno. Kasuku aliinua pasi akaendelea, na harufu ya kitambaa kilichoanza kuungua ilikuwa imejaa chumbani.

Siku zikapita. Kasuku alitoka asubuhi na kurudi mchana, salamu akitoa, vyombo akiosha, wageni akiwaamkia vizuri, huwezi kumkosoa. Ila kigodani hakukaa. Jioni mama aliketi kwenye cherehani akakanyaga, akasikiliza kwa kisogo, na nyuma yake palikuwa na nyuzi tu sakafuni zisizokatwa na mtu. Gauni alilifumua mshono kwa mshono, akatenganisha kola, mikono, kiuno, mpaka likarudi kuwa vipande vya pazia visivyo na umbo. Hakupata nafuu. Vipande vilimtazama kutoka kapuni.

Jioni moja alikaa akakanyaga kama kawaida. Hakuwa na kazi ya mtu. Aliweka kitambaa chochote chini ya sindano ili mashine ingurume, kwa sababu hakujua njia nyingine ya kumwita mwanawe. Akakanyaga mpaka goti likauma. Kisha akasikia kigoda kinavutwa nyuma yake. Hakugeuka. Hata pumzi aliipunguza.

Mashine ilinguruma muda mrefu.

"Mama," Kasuku akasema mwishowe. "Uzi umekatika."

Akatazama. Kweli, sindano ilikuwa inatoboa kitambaa bure, tangu lini hajui.

"Naona," akajibu, na hakusimamisha mguu.