Tarehe Mosi Julai, Mabega Wazi

Kila mwaka Julai inapokaribia, uzalendo hunipanda kichwani. Mimi Révérien, fundi cherehani wa mtaa wa Jules, ndiye mkuu wa ngoma katika sikukuu yetu ya uhuru wa Burundi hapa Johannesburg. Cheo hicho nilijipa mwenyewe.

Mwaka huu nilikuwa na sababu ya kujitutumua zaidi. Binti yangu Inès, mzaliwa wa hapa, anaelewa kila ninachomwambia kwa Kiswahili lakini hunijibu kwa Kiingereza. Mwezi Mei alipita kibandani kwangu na rafiki yake wa shule. Rafiki akauliza mimi ni nani, Inès akamjibu kwa Kiingereza kwamba ni fundi tu. Iliniuma mpaka nikashona mkono wa shati mahali pa kola. Nikaapa kuwa siku ya uhuru ataniona nikiruka mbele ya ngoma, na atataka kila mtu ajue mimi ni baba yake.

"Eish, kaka, baridi hii," alilalamika Bertrand, mpiga ngoma wangu. "Tuvae basi majaketi ndani."

"Thubutu! Wazee wetu walimuaga Mbelgiji mabega wazi, wewe unaogopa kipupwe?"

Yeye na wapiga ngoma wenzake wakatii. Asubuhi ya sikukuu, uani kwetu Bellevue tunapofanyia sherehe, maji ya ndoo yalikuwa yameganda. Mabega yangu niliyaacha wazi, maana yanaonekana. Miguu je, nani angeiona? Nikavaa suruali ya sufu ya kubana ya mke wangu Pascasie, rangi ya waridi, nikajifunga kitambaa cha ngoma juu yake, kikaifunika hadi miguuni.

Zamu yangu ikafika. Wenzangu walikuwa wakitetemeka kizalendo. Nikaingia katikati, nikaruka juu, na fundo nililolifunga mwenyewe, mimi fundi, likafunguka hewani. Nikatua na waridi kuanzia kiunoni hadi kwenye vifundo vya miguu.

Bertrand aliangusha fimbo. Watu walicheka hadi kushikana. Nikamtafuta Inès, nikamwona na rafiki yuleyule, kaziba mdomo kwa mkono. Nilitamani ardhi inimeze. Sasa hata ufundi angeukana.

"Jamani, huyo mwenye suruali ya waridi ni nani?" akauliza Bi Mayasa, Mtanzania aliyekuja kutuuzia maandazi.

Inès akatoa mkono mdomoni.

"Ni baba yangu," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika uani kote. "Na suruali ni ya mama."

Kitambaa nilikiacha palepale chini, nikaruka tena.