Rangi ya Pikapu ya Ezron

Sekela alikuwa na siku mbili tu. Jumamosi ukoo ungekutana kwake Kinyala kugawa vitu vya marehemu mumewe, Ezron, na shemeji yake Jairo alishatangaza kwamba pikapu ataipeleka gereji mjini Tukuyu ikapigwe rangi kwa gharama zake.

"Imejaa kutu, mama Noah. Utaiweza wewe? Acha nikusaidie."

Msaada huo Sekela aliuelewa vizuri. Atakayeilipia gereji ndiye atakayesema ni yake, na wazee wataitikia. Bila pikapu, ndizi zingeozea shambani na mwanawe Noah asingerudi shule.

Hakubishana. Alikwenda mtaa wa Bagamoyo, palepale mjini Tukuyu, akanunua msasa, brashi na rangi ya buluu. Miaka ile biashara ilikuwa imeachwa huru. Kopo la rangi halikuhitaji tena kibali cha ofisa.

Alhamisi nzima alikwangua. Chini ya mlango kutu ilikuwa imeingia ndani, akaichokonoa kwa bisibisi mpaka bati likang'aa na vidole vikatoka damu. Mara mbili alikaa chini akalia, wala si kwa sababu ya vidole. Ezron alizoea kuegemea mlango ule akinywa chai. Akafuta uso, akaendelea.

Ijumaa asubuhi alipaka rangi ya kwanza. Mchana, kabla haijakauka sawasawa, akapaka ya pili. Saa tisa wingu likashuka kutoka mlimani. Alikata majani ya mgomba mbiombio akayatandaza juu ya fito, lakini upepo ukaangusha kila kitu. Majani yakanasa kwenye boneti. Alipoyabandua, mistari yake ilikuwa imejichapa kwenye rangi kama mbavu za ng'ombe mgonjwa.

"Nimejimaliza mwenyewe," alisema.

Jumamosi Jairo alikuja na fundi wa gereji, Ambwene. Jairo alipoiona boneti alicheka mbele ya wazee hadi akajishika kiuno.

"Jamani, hii ni pikapu au chungu cha ndizi kilichofunikwa majani? Fundi, waambie wazee kama huyu anaweza kutunza gari."

Ambwene aliizunguka pikapu, akachutama, akapitisha kidole chini ya mlango, akagonga bati.

"Rangi ni mbaya," fundi alisema. Jairo akatabasamu. "Mbaya sana. Lakini kutu ameitoa yote, mpaka huku chini ambako hakuna anayeangalia. Sisi tungeifukia kwa puti ya kuzibia, tukapulizia rangi juu. Ingependeza Krismasi, na Pasaka ingekuwa imetoboka."

"Nimekuleta mimi hapa!"

"Umenileta nitazame, bwana Jairo. Nimetazama."

Mzee Asajile, mkubwa wa ukoo, aligeuka polepole. "Jairo, tangu ndugu yako afe, wewe kwenye gari hili umeweka nini?"

"Ningeweka, baba…"

"Sikuuliza ungeweka nini. Ufunguo uko kwa nani?"

Tangu siku ya maziko ufunguo ulikuwa mfukoni mwa koti la Jairo. Aliutoa kama mtu anayetolewa jino, akamnyooshea mjane bila kumtazama.

Sekela alipiga magoti kuupokea kwa mikono miwili, kucha zimejaa buluu. Kisha akataka kuinuka. Ambwene ndiye aliyemshika mkono.